Sahani ya Nesi

Kila mwaka siku ya hitima ya babu, nyumba yetu ya Busia ilinukia pilau na kunuka dizeli: pilau ya masufuria ya uani, dizeli ya malori yaliyopanga foleni kungoja kuvuka kwenda Kenya. Kabla mgeni yeyote hajaonja, bibi alipakua sahani moja, akaijaza minofu, akaniweka mlangoni nimpe msafiri wa kwanza atakayepita. Hiyo ilikuwa sadaka ya nesi. Nesi mwenyewe alikuwa ukutani sebuleni, mzungu wa nywele za mawimbi na mdomo wa rangi, katika picha ambayo babu alirudi nayo kutoka vita vya Burma. Alimwambia bibi kwamba ndiye aliyemuuguza, na kwamba alifia hukohuko vitani. Shangazi zangu walicheka pembeni. Lisemwalo lipo, walisema. Nesi gani anapiga picha mabega wazi? Bibi aliwasikia, akaendelea kufuta vumbi kwenye kioo cha ile picha.

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipochungulia kwenye kibanda cha video karibu na stendi, nikamwona nesi wetu. Yu hai, anaimba, anacheza dansi! Haki ya Mungu nilichanganyikiwa. Tunamtolea sadaka kama marehemu, kumbe yuko pale, hajazeeka hata kidogo? Nilikimbia nyumbani nikaropoka yote nikitarajia kofi. Bibi alijitanda ushungi, akanishika mkono, tukaenda saa ileile, yeye ambaye kibanda kile alikiita nyumba ya shetani. Jamaa aliyekuwa akitafsiri filamu kwa kipaza sauti alimpa kiti. Bibi hakukaa.

"Huyu alikuwa nesi Burma?" aliuliza.

"Mama, huyu ni mtu ya sinema tu," jamaa akacheka. "Nesi wapi! Yeye nalipwa kucheza."

Nilimwona bibi akinywea, nikajuta kuwa na mdomo. Mara yule mwanamke akambusu askari mmoja. Bibi alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni, watu nyuma wakimpigia kelele awapishe. Alimkazia macho yule askari, mzungu mweupe pe, kwa muda mrefu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Si babu yako."

Mwaka ule sahani ilitoka kama kawaida, tena minofu iliongezwa. Bibi naye ameshatangulia mbele ya haki. Siku hizi wanangu wamempata mwanamke yule kwenye simu kabla chai haijapoa: jina lake, filamu zake, waume zake, na picha yetu ileile iliyochapwa kwa wingi na kugawiwa askari. Hakukanyaga Burma. Wanacheka mpaka machozi, nami siwezi kucheka nao. Miaka yote nilidhani bibi alikuwa akimshukuru. Sasa mimi mwenyewe ni mjane, na sijui tena kama ile ilikuwa shukrani, au alikuwa akimsihi amwachie mume wake huko ahera waliko.