Mbao Nne za Kona

Hadi leo nikimwona fundi anakata mbao kabla hajauliza inakwenda wapi, damu inanichemka. Na fundi mwenyewe akiwa wa ukoo ndiyo balaa kabisa, maana wa ukoo hafukuzwi.

Mie kazi yangu kuchora ramani za nyumba. Nina meza yangu kwenye ofisi ndogo Kinondoni, na nimewachorea watu majumba ambayo sitakaribishwa hata uani kwake. Lakini mchoro ulionihangaisha kuliko yote ni wa banda la mbao la mama yangu, kule Mbagala: chumba kimoja, na baraza kukizunguka pande zote. Mama anasuka mikeka. Goti lake la kulia ni bovu siku nyingi, akishakaa chini, kunyanyuka ni safari. Na hukaa akifuata kivuli: asubuhi upande wa magharibi, jioni anahamia mashariki. Banda lake la kwanza lilikuwa na paa la migongo miwili, lile la kawaida. Kuta mbili zilikingwa, mbili zikabaki uchi, mvua ikazipiga mpaka mbao zikawa zinabonyea kwa kidole.

Kwa hiyo safari hii nikachora paa la pande nne. Kila ukuta na mteremko wake, kila baraza na kivuli chake. Paa la namna hiyo ugumu wake uko kwenye kona. Mbao za katikati ya ukuta zinapanda moja kwa moja mpaka juu, ila za kona zinapanda hanamu, mshazari, na njia ya hanamu ni ndefu. Tena pande mbili za paa zinaziegemea kwa pamoja. Basi zile nne lazima ziwe ndefu kuliko nyingine, nene, na nzima. Niliandika vipimo vyake kwa herufi kubwa, nikapiga mstari mwekundu chini.

Kazi ya kupaua akapewa mjomba, kaka mkubwa wa mama. Si kwamba alichaguliwa. Kwetu kaka akiwa fundi, dada haezekewi na mtu baki, watu watasema. Nikampelekea mchoro, nikamwamkia, nikaanza kumweleza. Akaukunja kabla sijafika kwenye kona.

"Sawa mwanangu, nimeona."

Ameona nini! Jumamosi nafika Mbagala, nakuta mchoro wangu umefungiwa misumari, na mbao zote, za katikati na za kona, zimekatwa urefu mmoja. Zote! Zimelazwa chini zimenyooka, na mwenyewe anazitazama kwa raha.

"Mjomba, za kona si zilitakiwa ziwe ndefu?"

"Mbao ya paa ni mbao ya paa," akasema. "Ikipungua tutaunga. We mtoto unataka kunifundisha? Mie nimepaua Mbagala hii hujazaliwa."

Kweli amepaua. Migongo miwili, yote! Paa la pande nne hajawahi kulipaua hata la banda la kuku, na hakuna aliyethubutu kumwambia, mie nikiwa wa kwanza.

Mchana zile za kona zikapandishwa. Zikapungua, kila moja kama mkono mzima. Nikadhani ataona haya. Thubutu! Akaokota vipande vilivyobaki akaanza kuunga, msumari huku, msumari kule. Nikamwambia, mjomba, hapo bati likikaa na upepo ukaja, kiungo kitaachia. Akanijibu kutoka juu, kwa sauti ya kuwafikia majirani:

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu!"

Guu! Guu la nani? Mtu wa kukaa chini ya kiungo kile kila jioni ya Mungu ni mama, ambaye hawezi kunyanyuka haraka hata akiona nyoka! Jirani mmoja akanivuta kanga, "Nyamaza mwaya, mjomba huyo." Nikanyamaza. Ndilo linaloniuma mpaka kesho. Vipimo ninavyo, haki ninayo, nikafumba mdomo eti heshima. Heshima gani ya kumwangushia mama yako paa?

Mama alikuwa barazani anasuka, tangu asubuhi hajatia neno. Akachukua ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, akaupima ukingoni mwa mkeka uliokwisha kushonwa, akaukata pale pale ulipofika kona ya pili. Kisha akaunyanyua, akaulaza hanamu, kona hadi kona ya mkeka. Haukufika. Akautazama, akamtazama kaka yake kule juu.

"Kaka, njoo uone."

"Naona huku huku."

"Huoni. Hizo mbao za kona fupi, na mie sikai chini ya viraka. Zing'oe."

Mjomba akacheka. "Dada nawe! Mikeka na paa wapi na wapi? Niachie kazi yangu, mie ndo mkubwa."

"Ni mkubwa wangu," mama akasema, "na shikamoo yako nimekupa asubuhi. Sasa shuka."

Mjomba akaiweka nyundo. Maisha yangu yote sikuwahi kumsikia mama akimwambia kaka yake maneno ya namna ile, na nadhani hata mjomba hakuwahi. Akashuka polepole, akaenda kukaa kwenye mabati, ametupa mgongo.

Basi nami nikapata mdomo. Nikaanza kuyamwaga yote niliyoyameza: nilisema mie, nilichora mie, nilipigia mstari mwekundu, lakini kwa sababu ni mtoto wa kike hakuna wa kunisikiliza. Mama akaniacha niseme kidogo, kisha akaniinulia mkono.

"Na wewe umesimama na ramani yako tangu asubuhi unanung'unika," akasema. "Unamngoja nani? Panda."