Baba Mkwe Kwenye Karakana Yangu

Mwaka wa 1969, nikiwa na miaka kumi, baba alikufa na shule ikafa naye. Nilikuwa darasa la tatu. Niliokota tezo yake nikaanza kuchonga, na mwalimu aliyesema sitafika popote nimeshamuuzia vijiko viwili.

Leo nina karakana yangu Jericho, Nairobi, karibu na soko. Nachonga vinu, vijiko, twiga wa watalii. Lakini kwa miaka mingi ugali wangu ulitoka kwa vigango, zile nguzo ambazo Wagiriama huwasimamishia wazee wao wenye cheo wakishakufa, roho ipate mahali pa kukaa. Kigango hakina mikono wala miguu. Ni ubao mrefu kama mtu, kichwa mviringo, kifua kimejaa pembetatu za kuchongwa. Kikishasimamishwa haking'olewi. Mimi ni Mkamba. Kwetu maiti tunafukia, tunakula, tunarudi kazini. Basi dalali aliponiletea kigango kimoja kikuukuu nikiige niuze, sikuuliza kimetoka wapi. Nilikiegemeza kwenye kona, na kwa kuwa ukutani hakukuwa na msumari, nikakitundikia koti langu.

Mwaka jana akaja mama mmoja mzee, muuza mahamri wa mtaa jirani wa Kaloleni, kununua ubao wa kusukumia. Alipofika mlangoni akatupa jicho konani, mara akavuta leso kichwani na kurudi kinyumenyume, kama aliyefumania mwanamume anaoga.

"Mama, umeona nyoka?"

"Nimemwona baba mkwe," akasema, amenipa mgongo. "Mvue hilo koti, Mkamba. Huna adabu wewe."

"Hiyo ni mbao, mama."

"Na wewe ni nyama. Mvue!"

Nikamvua. Ningefanyaje?

Aliketi nje juu ya gogo akanieleza. Kwao mke hamtazami baba mkwe usoni, hata akiwa mbao. Kigango kiliibwa bomani kwa mumewe huko Kilifi akiwa bado bibi arusi. Mumewe alimwota babake mpaka siku anakufa, mzee analalamika kwamba hana pa kukaa. Sasa mama alikuwa anafunga biashara arudi huko moja kwa moja.

"Na siingii boma lile bila yeye," akasema. "Niwaambie nini? Kwamba mzee wao yuko Nairobi, anashikilia makoti?"

Nilimwambia nitafikiria. Uongo mtupu. Kile kigango ndicho kilikuwa shule yangu, nitakitoaje?

Tangu hapo akawa anakuja kila asubuhi. Hakuingia. Alisimama upande wa pili wa mabati na kupaza sauti, "Baba, umeamkaje?" Akimaliza, "Na wewe jitu, umeamka?" Wateja walidhani nafuga mwendawazimu.

Nikaamua kumchezea. Nilichonga kingine mfano wake. Nikakipaka chai ya rangi na mavi ya ng'ombe, nikakifukia wiki mbili kwenye udongo wenye mchwa. Kilipotoka kilikuwa kizee kuliko mimi. Cha kweli nikakifunika gunia nyuma, hiki nikakisimamisha mlangoni.

"Haya mama, mchukue mkweo."

Alitazama. Mkono haukwenda kwenye leso. Alikiendea uso kwa uso, akakizaba kofi la kichwa.

"Huyu simjui."

"Mama, ndiye huyo huyo!"

"Baba mkwe ana pengo. Hapa, chini ya kifua. Fundi alikuta fundo la mti akaruka pembetatu moja, kijiji kizima kikamcheka. Huyu wako amekamilika kama mwizi aliyevaa suti."

Nilikwenda nyuma nikafunua gunia. Fundo lilikuwepo, na pengo lilikuwepo. Miaka yote hiyo nilikuwa naliona, na kila nilipoiga nililijaza, nikijiambia namsaidia fundi aliyeshindwa kazi. Mtu mzima na kiburi changu chote, kumbe nilikuwa namsahihisha marehemu! Hilo ndilo lililoniuma, si machozi ya mtu. Mama yule hakulia hata tone.

"Njoo na mtu wa kumbeba," nikamwambia.

Alikuja na mwanawe, dereva wa lori. Yeye mwenyewe hakumgusa mkwewe wala kumtazama, ila alitoa amri kutoka barabarani, leso imefunika uso: "Mlaze chali! Usimgeuze kifudifudi, si gunia la viazi! Na wewe jitu, shika kichwa kwa heshima!" Nikashika.

Baadaye mwanawe alinipigia simu. Wazee wamemsimamisha upya na kumnywesha tembo la mnazi. Mimi walinilaani kidogo, halafu mama akawaambia inatosha.

Dalali nilimwambia atafute mjinga mwingine. Alinitukana, nikamrudishia.

Mali yangu leo ni hii: karakana moja yenye mabati mapya, patasi kumi na moja, msumeno mmoja wa umeme, nyumba ya vyumba vitatu Machakos, ng'ombe wawili, mke mmoja, meno kumi na tisa. Vigango, hakuna. Twiga wapo wengi, na bei hazipungui.