Mithika Hakuwa Mtu wa Jesi

Kaberia wa Muthara alificha mali ya wizi katika ghala langu, mume wangu akafungwa kwa sababu yake, na Kaberia akanyamaza. Hilo ndilo kosa. Nalisema wazi kwa sababu watu wa hapa wamelizoea kama hadithi ya kuchekesha.

Mwaka wa sabini na nane gari la sinema lilikuja sokoni kutangaza sabuni. Walitundika shuka jeupe ukutani, tukaona Wazungu wa Amerika ya zamani wakisimamisha treni, leso zimefunika pua, bunduki mikononi. Mkubwa wao aliitwa Jesi Jemsi. Sisi wengine tulirudi nyumbani na vipande vya sabuni. Kaberia, aliyekuwa mchumaji wa miraa, alirudi na jina. Alitafuta kofia pana, akajifunga leso shingoni, akakusanya wenzake watatu. Farasi hawakuwa naye hata mmoja. Walikuwa na punda wa mama yake Kaberia.

Walianza kwa kuiba mbuzi. Kisha wakavunja duka huko Makutano, wakabeba redio na majora ya vitambaa. Kesho yake Kaberia akafika kwetu na yule punda na magunia mawili.

"Kwa gichiaro, niwekee maharagwe haya," alimwambia Mithika, mume wangu.

Ukoo wa Kaberia na ukoo wa Mithika ni gichiaro, yaani ndugu wa kiapo tangu mababu. Ndugu wa gichiaro akikuomba kitu humnyimi, wala humhoji. Naye hana ruhusa ya kukudhuru. Anayevunja, laana inashuka mpaka kwa watoto.

Mithika aliyabeba magunia mwenyewe. Mimi niliyatazama. Maharagwe gani yana pembe? Nilimwambia afungue. Alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani.

Polisi walipokuja walikuta redio. Mithika alisema magunia yaliwekwa na mtu, lakini huyo mtu hakumtaja. Nilimwendea rumande nikiwa nimembeba mwanetu Riungu mgongoni.

"Mtaje!" nilimwambia. "Wewe unamlinda nani?"

"Namlinda huyo aliye mgongoni mwako, Makandi. Nikimtaja gichiaro, laana itampata yeye."

Alifungwa, akarudi na kifua kikuu, nikamzika. Kaberia aliuza kofia, akaoa, akawa mzee wa kanisa. Laana sikuiona ikimpata. Ng'ombe wake wanazaa mapacha.

Siku hizi huketi na vijana wanaofunga miraa, akiwaeleza jinsi Jesi alivyowanyang'anya matajiri akawapa maskini, na jinsi yeye na wenzake watatu walivyofanya vivyo hivyo. Maskini gani? Mimi ndiye niliyekuwa maskini wa karibu kabisa, na nilichopewa ni polisi. Mwalimu Ndambiri, mtu wa Embu anayefundisha hapa, aliniambia huyo Jesi alikuwa mtu wa kweli, zaidi ya miaka mia iliyopita. Kundi lake lilimuua karani wa benki aliyekataa kuwafungulia sanduku, na hakuna anayeweza kuonyesha maskini aliyepata chochote.

"Karani alikuwa na mke?" nilimuuliza.

Mwalimu akasema hajui.

Mwezi uliopita nilipita hapo wanapofungia miraa, nikitoka kuokota kuni. Kaberia alikuwa ameanza tena.

"Na Mithika ndiye aliyekuwa mlinzi wa ghala letu. Mwanamume wa chuma! Walimpiga, hakutaja mtu."

"Riungu, kumbe wewe ni damu ya Jesi!" kijana mmoja akapiga kelele. Na Riungu wangu, mtu mzima mwenye ndevu, akacheka kwa majivuno huku akiviringisha jani la mgomba.

Nilitua kuni. "Mzee Kaberia, Mithika alijua kilichokuwa ndani ya magunia?"

"Mama Riungu, hayo ni ya zamani."

"Kwa gichiaro nakuomba. Waambie hawa kama alijua."

Mikono yote ikasimama. Kaberia akatema miraa, akatabasamu. "Gichiaro ni ya ukoo, mama. Wewe uliolewa tu. Damu ya Mithika ikiniomba, hapo sina la kukataa."

Wakamgeukia Riungu.

"Mama, wachana na haya maneno," alisema. "Nikiuliza, naye aseme Baba hakujua, si itakuwa Baba alifungwa bure? Heri nizaliwe na jambazi kuliko mjinga."

"Alinyamaza kwa ajili yako."

Akachukua jani lingine.

Basi Kaberia anadaiwa maneno mawili, mbele ya watu wale wale: Mithika hakujua. Na Riungu anadaiwa na baba yake swali moja, ambalo yeye peke yake ndiye anayeweza kuuliza. Kila jioni nampakulia chakula, anakula, anashukuru. Bado hajauliza.