Vibuyu Viwili vya Theodora

Walipomzika Theodora, rozari yake ya mbegu ikiwa mkononi, watu walimsifu kwa jembe lake, kwa sauti yake kanisani na kwa mlango wake usiofungiwa mgeni. Hakuna aliyemsifu kwa kusamehe. Angesifiwa hivyo, angekuwa amesingiziwa.

Mumewe Antipasi alikuwa mchonga mizinga ya nyuki upande wa Ilongero. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha alianza kukohoa, na kikohozi hakikumwacha. Siku zile zile wakaja madaktari wageni na Landrova, wakatangaza kwamba wameleta dawa mpya ya kifua. Waliiacha kwa mganga wa zahanati, Simeoni, wakaenda zao.

Simeoni hakuwa mtu baki. Yeye na Antipasi waliingia jandoni siku moja, wakalala juu ya ngozi moja ya ng'ombe. Kwa hiyo Simeoni alipomwekea kiganjani vidonge kutoka kopo lenye kifuniko chekundu, Antipasi alimeza bila neno. Mtu amuulize nini ndugu yake?

Jirani yao Naftali alikuwa anatema damu, hali yake mbaya kuliko ya Antipasi. Yeye alipewa kutoka kopo la kifuniko cha bluu. Uwele ulipokomaa, Naftali alikuwa uwanjani anapura nafaka huku anaimba, naye Antipasi anabebwa na mkewe kutolewa nje aote jua.

Theodora akaomba kidonge kimoja kwa Naftali, akakilamba. Kichungu, ulimi ukakunjamana. Akalamba cha mumewe. Kilikuwa kama unga alioupepeta mwenyewe.

Akaenda zahanati.

"Simeoni, mume wangu anakula nini?"

"Karibu ukae, shemeji."

"Sikuja kukaa. Anakula nini?"

Simeoni akafunga mlango. "Kopo moja ni dawa, moja ni unga. Lazima wengine wapate unga, ndipo wakubwa wajue kama dawa inafanya kazi. Wakishajua, watapona maelfu. Mimi nimeapishwa, shemeji."

"Na wewe ulijua lipi ni lipi?"

"Mwanzoni sikujua. Mvua zilipoanza nikaona wanaodhoofu ni wa kopo jekundu tu."

"Mbona hukumwambia? Hata kwa jicho?"

"Mgonjwa akiambiwa, uchunguzi unaharibika."

"Basi nipe za bluu leo."

"Zina hesabu yake. Nitafungwa."

Antipasi hakuufikia msimu wa kupanda. Siku ya mazishi Simeoni alitaka kushika jeneza, Theodora akamwondoa mkono wake kwenye ubao, kidole kimoja kimoja, mbele ya watu wote.

Tangu hapo hakuitikia salamu yake. Ilipokuja operesheni ya kuhamia kijiji cha ujamaa, wapimaji walivuta kamba zao, na mlango wa Simeoni ukatazamana na wake. Kila asubuhi Simeoni alisema, "Umeamkaje, shemeji?" Theodora alitazama paa la nyumba ile kana kwamba lina moto, akapita.

Padri alimwita. "Mama Damiani, wewe Baba Yetu unaisalije?"

"Nikifika pale pa kusamehe nanyamaza, Padri. Wenzangu wanaendelea, nawakuta mbele."

Rozari pia aliisali, na kila punje aliitajia jina la Simeoni. Hakuomba Simeoni afe. Kufa aliona ni kupumzika. Aliomba siku moja asimame mahali asipojua, aliye mbele yake anajua, asiambiwe.

Siku ikaja mchana wa jua kali. Yustina, binti wa Simeoni, aliumwa na nyoka shambani akichuma mlenda. Zahanati haikuwa na sindano ya kuzuia sumu ya nyoka, na gari lilikuwa limekwenda Singida mjini. Simeoni akambeba binti yake mgongoni, akavuka njia, akaingia kwenye ua ambao hakuwahi kuukanyaga tangu wahamie.

Theodora alirithi dawa ya nyoka kwa bibi yake, na dawa ile ina mwiko wake: aliyenayo hamnyimi mtu yeyote, hata adui. Akimnyima, dawa inakufa mkononi mwake na mwa watoto wake. Simeoni aliujua mwiko huo. Ndiyo maana alithubutu.

Theodora alimlaza msichana kwenye ngozi, akaufunga mguu kwenye kijiti usitikisike, akaingia ndani. Alitwanga mizizi, akaichuja kwenye kibuyu. Akachukua kibuyu cha pili, kinachofanana na cha kwanza, mkono wake ukashika mtungi wa maji. Alisimama hivyo. Nje msichana alikuwa anamwita mama yake. Theodora akauacha mtungi, akamimina dawa katika vibuyu vyote viwili.

Akatoka navyo. Majirani walikuwa wamejaa uani, Naftali miongoni mwao.

"Kimoja kina dawa," alisema. "Kingine kina maji ya kisima. Mimi najua, wewe hujui. Chagua."

"Shemeji! Kwa ajili ya Mungu!"

"Mungu yupo, anatazama. Chagua, mguu unavimba."

"Niambie kipi, nakusihi."

"Mgonjwa akiambiwa, uchunguzi unaharibika."

Simeoni akapiga magoti, mganga wa serikali na koti lake jeupe, vumbini. "Nilijua! Jamani, nilijua! Kopo jekundu lilikuwa unga, nikaendelea kumpa ndugu yangu!"

Naftali akashika kichwa.

"Hilo nalijua siku nyingi," Theodora akasema. "Mimi nimekuuliza kibuyu."

Mkono wa Simeoni ulikwenda kulia, ukarudi, ukaenda kushoto. Alichukua cha kushoto akamnywesha binti yake. Theodora akakiinua cha kulia, akakimwaga chini mbele yake taratibu. Ardhi ikanywa yote.

Yustina alipona, mguu ukabaki unaburuza kidogo. Kama ni mizizi, au nyoka alikuwa ameishiwa sumu, Mungu ndiye ajuaye. Lakini Simeoni hakupona. Alikuja na kuku, alikuja na mzee wa kanisa, alikuja peke yake akilia: niambie tu, ulikuwa tayari kumuua mwanangu? Jibu lilikuwa lile lile la uchunguzi, na sasa Theodora alikuwa anamtazama usoni akilitoa.

Kwa Padri aliungama uongo mmoja. Padri akamwamuru akauseme ukweli. Malipizi mengine yote Theodora aliyapokea. Hilo alikataa, akaishi bila komunyo mpaka mwaka vijana waliporudi kutoka vita vya Uganda, alipougua naye. Kabla ya kukata roho aliwaambia wanawe alichomimina, na akawaambia la kufanya.

Kaburini, watu walipoanza kutawanyika, Simeoni alimsogelea Damiani, mtoto wa kwanza. Alikuwa amekonda, koti linamning'inia.

"Shikamoo, baba mdogo," Damiani akasema, akainamisha kichwa kama alivyolelewa.

"Marahaba, mwanangu. Mama amekwenda. Sasa niambie. Kile cha kulia kilikuwa na nini?"

Damiani alilitazama kaburi, udongo wake bado mbichi, na la pili kando yake, la baba yake, lililokwishaota nyasi.

"Nikikwambia, baba mdogo," akasema, "uchunguzi utaharibika."