Kinyozi wa Mbwa na Radhi ya Haji Barakat

Miaka mitatu niliendesha lile gari la kuogeshea mbwa, na watu wa mtaa wetu wa Imbaba mpaka leo wananiita dereva. Sawa, dereva. Lakini ukishaegesha mbele ya jumba la matajiri huko Tagammu, ukawasha jenereta na kufungulia maji ya tangi, mbwa wa kilo arobaini haingii beseni kwa kubembelezwa. Lazima awepo wa kuosha na kunyoa, na awepo wa kushika kichwa. Wa kuosha alikuwa Wagdi. Kichwa nilishika mimi.

Wagdi alikuwa kinyozi wa watu, mwana wa kinyozi. Baba yake, Haji Barakat, alinyoa mtaa mzima kwa miaka arobaini, na kila aliyeketi kitini pake, awe kijana au kibogoyo, alimwambia neno lile lile: "Inua kidevu, bwana harusi." Kisha barabara mpya ikapita juu ya duka. Lilivunjwa asubuhi moja tu. Mzee akabaki kukaa mkahawani, akitazama videvu vya watu na kusikitika jinsi vilivyoharibiwa na vinyozi wengine.

Wagdi alitafuta kazi mwaka mzima asipate, mpaka mwenye gari alipomchukua. Nyumbani alisema ameajiriwa saluni Tagammu. Hakudanganya sana, maana saluni yenyewe ilikuwepo, ila ilikuwa na magurudumu.

Na mkono alikuwa nao! Nimeona mbwa waliong'ata madaktari wakimlalia kwenye mapaja. Manyoya yaliyosokotana kama busati, ambayo wengine wangeyanyoa yote na kumwacha mnyama uchi, yeye aliyachambua kidogo kidogo hadi yakafunguka. Na kila jioni alipanda paani, akaosha mikono mara saba, mara ya kwanza kwa udongo, kama tulivyofunzwa utotoni, ndipo akashuka kula na wazazi wake. Ngozi ya viganja ilikuwa imepasuka kwa udongo ule. Nilimwambia, "Wagdi, utabaki na mifupa." Akacheka tu.

Kilichomponza ni video. Madamu Shahinaz alikuwa na mbwa mdogo mweupe wa manyoya ya kujisokota, na alikuwa na simu, na hakuwa na kazi. Akamrekodi Wagdi akimnyoa mbwa wake chini ya taya, akaitupa video hewani. Mkono wa Wagdi ulionekana, mkasi ukaonekana, na sauti yake ikasikika waziwazi: "Inua kidevu, bwana harusi."

Mazoea hayo. Alilelewa ndani ya maneno yale, yakamtoka. Lakini mtaa mzima ulikuwa umewahi kuitwa bwana harusi na Haji Barakat, na sasa mtaa mzima ukajiona umekaa kiti kimoja na mbwa.

"Haji, naomba zamu," mmoja akamwambia pale mkahawani, "lakini baada ya yule mweupe, maana yeye kawahi."

"Mwanao ananyoa na mkia?" mwingine akadakia. "Mie wangu mfupi!"

Mzee aliomba simu, akaitazama mara mbili. Hakuwa akimtazama mbwa. Alikuwa akitazama mkasi, kwa sababu ulikuwa wake, ule wa mpini wa shaba aliounyolea hata mashehe. Wagdi aliuchukua kwa kuwa mikasi ya gari ilikuwa butu. Ni kosa, sikatai. Lakini mwenye chombo kizuri na kazi mbele yake, nani angeacha?

Jioni ile nilimsindikiza Wagdi mpaka ndani. Mzee alikuwa amekaa akitungoja, na kaka mtu, Mitwali, muuza matairi, amesimama nyuma yake kama askari.

"Mkasi uko wapi?"

"Baba, nisikilize kwanza."

"Nimeuliza mkasi."

Wagdi akautoa mfukoni. Mzee hakuupokea, alirudisha mikono nyuma. "Mimi niliwavisha watu heshima, wewe umemvisha mbwa. Mkono huo usiniguse tena, Wagdi. Niwe hai, niwe maiti, usiniguse."

"Amina," akasema Mitwali. Nilitamani kumzaba kibao, na haja hiyo haijaniisha.

Wiki tatu baadaye kiharusi kikamwangusha mzee. Ulimi ukafa, upande wa kulia ukafa, mkono wa kushoto ukabaki mzima. Tangu hapo Wagdi hakuwa na jambo jingine duniani ila hilo moja: baba airudishe ile kauli kabla hajafa. Radhi ni bora kuliko mali, twasema, na yeye hata mali hakuwa nayo. Dawa alinunua yeye, kwa kazi ile ile ya mbwa. Supu ya dengu alipika yeye, mama yao akamlisha mzee. Mitwali alikuja kila Ijumaa na machungwa, akakaa karibu na mlango, akaondoka.

Ndevu za mzee zikaota ovyo, yeye aliyekuwa hapitishi siku bila wembe. Wagdi alisimama miguuni pa kitanda akizitazama. Siku moja nikiwepo alipiga magoti.

"Baba, najua huwezi kusema. Niinulie kidole kimoja tu, nijue umeniwia radhi."

Mkono ule wa kushoto mzee aliuinua kuomba maji, aliuinua kufukuza nzi. Siku ile haukuinuka. Aligeuza uso akatazama ukuta.

"Haji, si mwanao huyu?" mama akalia.

Alifariki Alhamisi asubuhi. Watu wa msikiti wakamleta Shehe Abdulmaujud, muosha maiti, mtu mzee asiye na maneno mengi. Akataka mtoto mmoja wa marehemu aingie amsaidie kumgeuza na kummiminia maji. Mitwali akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi siwezi, shehe. Sijawahi kushika maiti."

"Na huyu mwingine?"

"Huyo mikono yake ya mbwa! Atamnajisi mzee."

Shehe akamtazama. "Najisi ya mbwa inatoka kwa maji na udongo. Hiyo yako tuitoe kwa nini? Wagdi, njoo ndani, mwanangu."

Wagdi akavua viatu, akapandisha mikono ya shati. Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi katika nyumba ya msiba. Akafika kizingitini akasimama.

"Siwezi, shehe. Aliniambia nisimguse hata akiwa maiti. Nilimwomba aifute kauli, hakuifuta. Nisimngoje afe ndipo nimshinde nguvu."

Mitwali akapumua, akaninyoshea kidole. "Basi huyu aingie. Ramzi ni dereva tu, mikono yake safi."

Nikamtazama Wagdi. Jana yake tu nilikuwa nimekumbatia jibwa la Tagammu, limenilamba mpaka shingoni. Yeye alijua. Neno moja lake lingenizuia. "Ingia, Ramzi," akasema. "Taratibu naye."

Basi nikaingia. Nilimshika Haji Barakat kichwa, nikamgeuza kwa ubavu wa kulia na wa kushoto, shehe akimwosha. Alikuwa mwepesi mno. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa namlilia, yote mawili pamoja.

Nilipotoka, Wagdi alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameegemea ukuta wa chumba kile. Ni ukuta mwembamba, alisikia maji yote.

"Yalikuwa baridi?"

"Vuguvugu."

Akaishika mikono yangu miwili, bado imelowa, inanuka kafuri, akaifunika usoni pake. Hakuiachia mpaka jeneza lilipotoka.