Pikipiki Tatu na Ng'ombe wa Mama Nyaboke

Vijana mtakaosoma haya, nawaomba radhi kwanza. Niliishia darasa la saba, naandika polepole, na mistari yangu hulala upande kama mahindi yaliyopigwa na mvua ya mawe. Mkikuta neno limekosewa, lisomeni jinsi mnavyojua linapaswa kuwa, tuendelee.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kaplong, Uhuru ukiwa bado mpya. Kazi ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa mrija. Mbegu za fahali wa gredi zilifika kwa basi asubuhi, ndani ya themosi yenye barafu, nasi tukazibeba kwa pikipiki kutoka krashi hadi krashi. Krashi ni kile kichochoro cha nguzo cha kumbana ng'ombe asigeuke, nacho kilijengwa kando ya barabara. Ng'ombe aliyeonyesha joto, yaani aliyetaka dume, mwenyewe alimleta pale, nikavaa glavu ndefu ya mpira, nikafanya kazi, nikaandika kadi, nikaondoka. Joto halingoji. Likipita siku hiyo, ni kusubiri wiki tatu nyingine.

Afisa wa Mifugo, Mzungu mrefu, aliniuliza kama najua pikipiki. Nilikuwa kijana mwenye haya sana. Nikajibu nikitazama viatu vyake kwamba najua baiskeli.

"Basi unajua," akasema. "Hii ni baiskeli yenye hasira. Usiionyeshe woga."

Ilikuwa Bantam ya kijani, tangi lake lina picha ya jogoo. Injini yake ilikuwa ya mapigo mawili, maana yake oili haina chumba chake bali huchanganywa na petroli. Ukikosea kipimo, inakohoa. Mimi sikukosea. Niliipenda mpaka harufu ya moshi wake, na sauti yake kavu, pa-pa-pa-pa, iliyogonga vilima na kurudi. Kina mama waliisikia nikiwa bado ng'ambo ya bonde, na nilipofika ng'ombe alikuwa ameshafungwa. Kwangu hiyo ilikuwa heri. Fikirini kijana ambaye hajaoa akifanya kazi ile mbele ya mama za watu. Nilisalimu kwa kichwa, nikaaga kwa kichwa. Pikipiki ndiyo iliyonisemea.

Kisha nikahamishiwa Kedowa, kwenye baridi. Huko Mkaguzi, mzee Mkikuyu mpole kwa watu na mkali kwa mashine, alinikabidhi pikipiki ya Kiingereza nzito zaidi, ya mapigo manne. Asubuhi ulibonyeza kitufe cha kabureta mpaka petroli ikuloweshe kidole, ukapiga kiki moja ya pole, halafu moja ya moyo wote. Ikishawaka, ilipanda kilima bila kubadilisha gia, ikinguruma kama mzee aliyeshiba. Kila Jumamosi Mkaguzi alipitisha kidole kwenye cheni. Siku moja kidole kilitoka kikavu.

"Cheni isiyo na oili ni mtu aliyenyimwa chai," akaniambia. "Utamtuma wapi?"

Sikumpa tena nafasi ya kuuliza.

Miaka ya sabini nikapelekwa Sigowet, na huko nikapewa ya Kijapani, nyekundu, injini ya cc tisini, mpya kabisa. Sitaki mtu aniambie ubaya wake. Iliwaka kwa kiki ya kwanza, mvua au jua, na matope ya Aprili iliyapita ikicheka. Ilikuwa kimya pia. Nilipita chini ya dirisha la chifu asiamke. Hapo ndipo tatizo lilipoanza, kwa sababu watu walikuwa wamezoea kutoa ng'ombe kwa kusikia.

Mama Nyaboke alitoka milima ya Kisii na mumewe, wakanunua shamba bondeni, chini ya barabara. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, na maziwa ya watoto watano yalitoka kwake. Sheria yetu ilikuwa kungoja dakika tano kila krashi, maana barafu inayeyuka na wengine wanasubiri. Kabla hajasikia na kupandisha ng'ombe ule mlima, nilikuwa nimeondoka. Mara ya pili ilipotokea, kesho yake alinisubiri barabarani peke yake, bila ng'ombe.

"Serikali imekupa pikipiki ya mwizi," akasema. "Nikisikia, ninaona vumbi tu."

Nikazima injini.

"Baba watoto amesema ng'ombe ni tasa. Akikosa mara ya tatu, mchinjaji anamchukua. Sasa daktari, watoto wangu wanywe huo ukimya wako?"

Joto lingerudi baada ya wiki tatu, lakini siku yenyewe huwa haijulikani hasa, na hakuweza kukaa barabarani siku nzima na ng'ombe huku chai yake haijachumwa. Nilimwendea fundi wa karakana, nikamwomba atoboe sailensa ili pikipiki ipige kelele. Akakataa. Alisema hiyo ni mali ya serikali, na nikitoboa sailensa nitatoboa na kazi yangu. Honi nayo ililia kama nyuki ndani ya chupa, haikuvuka bonde.

Wiki ya tatu ilipofika, nilisimama juu ya kilima cha ng'ambo, nikazima injini. Wachumaji walijaa kwenye chai chini yangu, vikapu mgongoni. Sauti ya kwanza ilifia ndani ya shati. Ya pili ikatoka yote.

"Mama Nyaboke! Leta ng'ombe!"

Mikono ikasimama juu ya majani. Kisha mzee mmoja Mkipsigis akainua kofia.

"Weri, ni ng'ombe ana joto au ni wewe?"

Weri ni kijana kwa lugha yetu. Walicheka mpaka vikapu vikatikisika, na mimi nikatamani ardhi inimeze. Lakini mzee yule yule akageuka, akaweka mikono mdomoni, akaipokeza ile sauti chini. Mama mmoja akaidaka, na mwingine, mstari hadi mstari, mpaka nikaisikia ikifika bondeni bila mimi.

Nilipofika krashi, Mama Nyaboke alikuwa anapanda, ng'ombe akimvuta. Joto lilikuwa limefika, nikafanya kazi. Nilipoandika kadi alisema, "Kumbe una mdomo."

Tangu siku ile niliita kutoka kila kilima, na ukimya wa ile nyekundu haukumnyima mtu ndama. Wa Mama Nyaboke alizaliwa jike, akaitwa Kelele. Mwaka uliofuata, aliyemleta ng'ombe mama wa Kelele krashi alikuwa mume wa Mama Nyaboke mwenyewe, bila neno la utasa.

Nilistaafu nikiwa nimemaliza matairi nisiyoweza kuhesabu. Siku hizi mkulima anapiga simu, na ni sawa. Ila mashine zile tatu naziota kwa majina ya barabara zake. Kama mojawapo ilipita kwenu, niandikieni mniambie ililiaje ikipanda. Na kama kwenu bado kuna ng'ombe wa ukoo wa Kelele, hilo niandikieni kwanza.