Gari Likisimama Linachemka

Miaka arobaini Mzee Taratibu alitengeneza magari ya watu. Boneti ya gari lake mwenyewe hakuigusa miezi mitano. Alikuwa anaiogopa.

Gari likienda, halina neno. Likisimama huku injini inanguruma, mshale wa joto unapanda. Ndivyo lilivyowafanyia siku ile, miezi mitano nyuma, kwenye foleni ya daraja, mkewe kiti cha nyuma akihema kwa shida. Maji yakachemka, mvuke ukafunika kioo. Wakakaa pale dakika arobaini. Walipofika hospitali, mama wa watu alikuwa keshakata roho.

Sasa binti yake, mimba imetimia, alisimama mlangoni mwa gereji kashika kiuno.

"Baba, daktari kasema wakati wowote. Na daraja ni lile lile."

"Tutakodi gari."

"La nani? Saa ngapi? Huyu mjukuu wako hana subira, hatangoja hata baba yake arudi safari."

"Mh."

"Fundi wa mtaa mzima, la kwake limemshinda! Watu watatucheka mpaka walie."

Mzee hakucheka. Alifungua boneti.

Alianza na maji. Yamejaa. Akapapasa mipira ya maji, haivuji. Akawasha injini, akaiacha ingurume. Mpira wa juu ukawa wa moto, wa chini nao ukafuata. Basi pampu inasukuma. Mshale ukapanda. Feni ikawaka, ikazunguka vizuri tu. Mshale ukazidi kupanda.

"Si hiyo feni inafanya kazi?" binti akauliza.

"Inazunguka."

Akaziinamia waya zake. Feni ile aliifunga yeye, siku tatu kabla ya daraja. Ilitoka kwenye gari la aina nyingine. Soketi yake, kile kichwa cha kuchomekea waya, ilikataa kuingia, akaikata, akaunga waya kwa mkono kama mafundi wote wa pale wanavyofanya. Akawasha, ikazunguka. Akanawa mikono, akaenda kula.

"Niletee kipande cha gazeti."

Feni ilikuwa nyuma ya rejeta, pale maji ya injini yanapopozwa. Kazi yake ni kuvuta hewa kutoka mbele. Karatasi ikiwekwa mbele ya rejeta, inatakiwa inate. Ikinata, feni nzima, ubaya utafutwe kwingine. Mzee aliomba kimoyomoyo inate. Akaisogeza taratibu, kama mtu anayegusa pasi ya moto.

Karatasi ikaruka, ikampiga kifuani.

Akazima injini.

"Vipi, Baba?"

"Inapuliza. Haivuti."

"Ndiyo nini?"

Angeweza kusema waya zimelegea. Binti asingejua.

"Waya zimegeuzwa, inazunguka kinyume. Gari likienda, upepo wa barabara unaishinda nguvu. Likisimama, hakuna kinachopoza."

"Kazigeuza nani?"

"Mimi. Kabla ya daraja."

Binti alikaa juu ya tairi kuukuu. Mzee hakuthubutu kumtazama, alitazama viatu vyake mwenyewe.

"Mama angepona?"

"Sijui, mwanangu. Daktari hakusema. Sikumuuliza, naogopa kuuliza."

Binti alijifuta uso kwa ncha ya kanga, akapenga kamasi.

"Zigeuze."

Ilikuwa kazi ya dakika tano. Miezi mitano, na kazi ni ya dakika tano. Akawasha. Feni ilipowaka, akaweka karatasi, ikanata kwenye rejeta kama imegundishwa. Mshale ukasimama katikati.

"Tafuta fundi mwingine alikague gari," alisema. "Mimi usiniamini."

"Fundi gani, naye atakata soketi!" Binti alifungua mlango wa mbele, akajiingiza kwa tabu, tumbo kwanza. "Liache lingurume. Saa nzima. Njoo ukae hapa na mimi tuutazame huo mshale."

"Na likichemka?"

"Likichemka tutajua tukiwa hapa, si darajani. Ingia, Baba."

Akaingia. Joto lilipopanda feni iliwaka, liliposhuka ikazima. Kila ilipozima, mzee aliushika usukani kwa mikono miwili, akabana pumzi, akangoja iwake tena.